Anza Pale Anapojibu

Kiti changu cha montaji, yaani cha kukata picha, amekirithi Rehema, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukipandisha. Sikumlaumu. Miguu yangu mimi haifiki popote, yeye Mungu alimpa ya kuwatosha watu wawili. Siku hiyohiyo akaniambia, "Mama Furaha, kabla hujaondoka tuandikie basi. Nyinyi mlikuwa mnaedit kwa mikono, sisi hatujui hata mlikuwa mnaanzia wapi." Nilistaafu mwezi uliopita, na sasa naandika. Mwenye hamu ya kujua nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa akaulize ofisini. Mimi hayo nimeyasahau, na yaliyobaki kichwani ni mashine, watu, na kazi zilizotaka kunishinda.

Furaha ni mimi mwenyewe. Naliweka wazi kwa sababu kila Mtanzania anayeanza kazi kwetu, Rehema akiwemo, huniuliza mwanangu Furaha anasoma darasa la ngapi. Kwetu Uvira, Kongo, mwanamke mzima ni Mama, ukiongeza jina lake umemaliza.

Huko Uvira nilikuwa nakata picha kwenye kituo kidogo cha televisheni, chumba kimoja na jenereta moja. Nilipofika Durban, Afrika Kusini, hakuna aliyetaka kujua habari hiyo. Nilisuka nywele kwenye saluni ya Wakongomani pale Umbilo Road, na sioni aibu kusema nilisuka vizuri. Kusuka na kukata picha ni kazi za ndugu: unakaa, unatazama kitu kidogo kwa muda mrefu, na ukivuta sana mtu analia.

Mtoto mmoja ambaye hakulia aliitwa Nokuthula. Alikuwa wa shule ya msingi, na aliletwa na baba yake, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini aliyekaa kwenye benchi akisubiri bila kutazama saa. Mteja mmoja aliingia, akamwona, akatoka nje kuwaita wenzake. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule wa kwenye benchi ndiye yule wa kwenye televisheni ya ukutani, Bab' Zakhele wa kipindi cha muziki cha Jumamosi. Kipindi chenyewe kilikuwa na jina refu la Kizulu, lakini mjini sote tulikiita Jumamosi tu.

Kizulu changu wakati ule kilikuwa cha sokoni na Kiingereza changu cha kuombea njia. Nikamwambia hivyohivyo, kichana mkononi, kwamba kwetu nilikuwa fundi wa montaji na ninatafuta kazi hiyo. Hakucheka. Aliniuliza jambo moja, nami nalitia kwa Kiswahili kama nitakavyofanya na maneno yake yote: "Nani alikufundisha?"

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa vyeti. Nikamtaja mzee wangu wa Uvira, Papa Bisimwa, aliyekuwa akinipiga vidole kwa penseli nikikata kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akamtazama binti yake nywele. "Jumatatu njoo Pinetown," akasema.

Studio ilikuwa ghala la zamani la magodoro, katikati ya viwanda. Kiwanda cha jirani kilikuwa na king'ora cha kubadilisha zamu, na king'ora hakikujali nani anaimba. Tulirekodi kati ya zamu na zamu. Mwimbaji akichelewa kupanga gita lake, king'ora kinampata katikati ya wimbo na tunaanza upya. Hadi leo nikisikia king'ora naangalia kama maikrofoni zimezimwa.

Rehema, nyinyi mkikosea mnarudi nyuma kwa kidole kimoja. Sisi tulikuwa na mashine mbili. Moja ilicheza kanda ghafi, nyingine ilirekodi, na katikati gurudumu la kuzungusha kwa vidole kutafuta mahali pa kukatia. Picha zilipangwa moja nyuma ya nyingine kama matofali. Ukigundua kwamba tofali la tatu limekaa vibaya na tayari uko kwenye la ishirini, pole yako, unabomoa hadi la tatu. Ndiyo maana tulifikiri kwanza, tukakata baadaye. Sikusemi vibaya, mwanangu, nasema tu.

Sasa nimseme Bab' Zakhele mwenyewe, maana vijana wengi pale kazini wanajua jina lake kwa sababu limeandikwa kwenye mlango wa chumba cha mikutano.

Kabla yake, kwenye kituo kile, watu weusi waliruhusiwa kuimba. Kuongea juu ya wimbo waliachiwa wengine. Alipopewa kipindi, mtu mweusi wa kwanza kukiongoza hapo, wakubwa walimwandikia karatasi ya kusoma: jina la mwimbaji, jina la wimbo, asante, karibuni tena. Aliikunja akaitia mfukoni mbele ya kamera, akamgeukia mwanamke mmoja wa kwaya aliyekuwa anatetemeka, akamuuliza nani alimfundisha. Yule mama alisema ni bibi yake, akiwa jikoni, na akaonyesha jinsi bibi alivyokuwa akigonga sufuria kumwekea mapigo. Baada ya siku hiyo karatasi haikuandikwa tena. Kisa hiki alinihadithia yeye, kwa hiyo huenda kimenenepa kidogo, lakini tangu nimfahamu sikumwona hata mara moja akishika karatasi.

Alikuwa na desturi zake. Saa aliivaa mkono wa kulia, uleule wa maikrofoni, na kioo alikigeuza upande wa ndani, kwa sababu siku moja kioo kilirudisha mwanga wa taa machoni mwa mwimbaji. Maikrofoni aliishika chini kidogo ya kidevu cha mtu, si mdomoni. Alisema ukimwekea mtu chuma mdomoni anahisi kama yuko kwa daktari wa meno.

Na desturi kubwa ilikuwa hii. Kanda za kazi zilikuwa chache na kituo kilizirudia: kipindi kikishatoka hewani, baada ya muda kanda inarekodiwa kingine juu yake. Hivyo ndivyo vituo vidogo vilivyofanya, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini Bab' Zakhele alikataa mwimbaji aondoke mikono mitupu. Kila aliyeimba alipewa kaseti ya VHS yenye sehemu yake, na kukata sehemu hiyo ilikuwa kazi yangu.

Mara ya kwanza nilianzia pale anapoonekana yeye, akitabasamu, akimkaribisha mtu. Niliona ndiyo heshima. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Huyu mzee wa nini?" akauliza, akijionyesha mwenyewe kwenye kioo cha televisheni. "Kaseti ni ya mwenye wimbo. Mimi niko hapa kila Jumamosi, watu wamenichoka. Anza pale anapojibu."

Nikatoa uso wake, nikatoa sauti yake, nikaanza pale mtu anapofungua mdomo kusema "mama yangu" au "mjomba" au "kanisani". Miaka yote nilianza hapo. Niliambiwa nikate, nikakata, na nilikata vizuri.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuja ule mwaka ambao maduka ya wageni kama sisi yalivunjwa na familia zikalala makanisani. Jumamosi iliyofuata, kwenye ratiba walikuwepo wanamuziki Wakongomani kutoka Isipingo, mpiga gita wao akiwa Papa Lumbu. Kituo kilipigiwa simu. Watu walisema hawataki kuona wageni kwenye televisheni yao wiki hii. Ofisi ikamwomba Bab' Zakhele awaahirishe, kwa usalama wao tu, kama ilivyosemwa.

Sikuwa mkutanoni. Nilikuwa chumba cha pili, na ukuta ulikuwa wa mbao. Nilimsikia akisema kwa sauti yake ileile ya chini, "Nimewaalika. Wakikaa nyumbani Jumamosi hii, na mimi nakaa nyumbani, na zinazofuata pia." Kisha nikasikia mlango. Alipotoka aliniuliza kama nimeshasafisha vichwa vya mashine, vile vinavyosoma kanda. Nilikuwa nimeshavisafisha mara mbili kwa wasiwasi.

Nasema wazi, siku ile niliogopa, na nilimpenda yule mtu kama kaka. Alikwenda mwenyewe Isipingo kuwachukua kwa gari lake.

Gita la Papa Lumbu lilikuwa limekwenda na duka lake. Alipiga la kuazima. Kabla ya wimbo, Bab' Zakhele alimwelekezea maikrofoni na kumuuliza nani alimfundisha. Papa Lumbu hakujibu. Alitazama chini, akatazama nyuzi. Sekunde za televisheni ni ndefu kuliko za kanisani. Mtu wa kamera aliniangalia kupitia kioo cha chumba cha mashine kama kwamba mimi ndiye Mungu. Mkono wa Bab' Zakhele haukutikisika wala haukurudi. Hatimaye Papa Lumbu alisema ni kaka yake, aliyebaki Uvira, na kwamba hana habari zake. Kisha akapiga wimbo ambao sitaueleza kwa sababu kueleza wimbo ni kupoteza wino.

Nilipokaa kumkatia kaseti yake, nilikwama. Amri ilikuwa nianze pale anapojibu. Je, kile kimya nikitoe? Nikamwita.

"Amekwishaanza kujibu hapo," alisema. "Kiache chote."

Hilo ndilo somo kubwa nililopata katika kazi hii, na lilinichukua chini ya dakika moja kulipata na maisha yote kulitumia.

Miaka ikaenda. Kituo kikahama ghala kikabaki Pinetown palepale, kanda zikaisha, kompyuta zikaingia, kipindi cha Jumamosi kikaondolewa ili kupisha video za kununuliwa. Bab' Zakhele akawa anafundisha vijana kwenye ukumbi wa kanisa Umbilo, namna ya kusimama, namna ya kusikiliza. Kisha akaugua, akafariki. Nokuthula alikuwa na mtoto mchanga mgongoni siku ya mazishi.

Miezi michache kabla sijastaafu, Nokuthula alikuja kazini. Sasa ni mama wa mtoto wa shule, na nywele bado zimesukwa, ingawa si na mimi. Familia ilikuwa inajiandaa kufunua jiwe la kaburi la baba yake.

"Ma," akaniambia, "nataka mwanangu amwone babu yake akifanya kazi. Picha ya ukutani anayo. Anaiuliza maswali na haimjibu."

Nilimjibu ndiyo kabla sijafikiri. Kisha nikaenda kwenye stoo ya kanda, na nikakuta nilichojua nitakikuta. Kanda za Jumamosi zilikuwa zimerekodiwa matangazo, mechi za shule, mikutano ya madiwani. Yeye hakuwepo hata kwenye moja.

Mkurugenzi wetu ni mtu mwema aliyezaliwa kanda zikiwa zimeshazeeka. Nilimwomba nafasi ya kutengeneza kipindi kizima. Akakuna kichwa. "Kipindi cha mtu bila uso wa mtu? Tuweke picha moja, dakika mbili, tumheshimu, tumalize."

"Sistaafu kabla ya kipindi hicho," nikasema. Alicheka akidhani natania. Wiki iliyofuata akaona sijacheka.

Nikaanza kutafuta kaseti. Zilikuwa mjini, najua, maana nilizikata mimi. Kila Jumamosi na Jumapili, kabla na baada ya ibada, nikawa naingia saluni, makanisa, nyumba za wanakwaya. Watu walinipokea vizuri. Mama mmoja Pinetown alikuwa na yake ndani ya mfuko wa unga, safi kabisa. Nyingine ziliota kuvu, maana hewa ya mji huu ina bahari ndani. Kanda yenye kuvu usiitie kwenye mashine hata siku moja, itaambukiza vichwa na vichwa vitaambukiza kanda nyingine. Unaikausha kwanza, unaifungua, unaipangusa taratibu, unaomba.

Nilitumaini kupata hata mtu mmoja aliyekirekodi kipindi nyumbani, moja kwa moja kutoka hewani, pamoja na uso wake. Nilimpata, fundi cherehani wa Umbilo. Tulikaa sebuleni kwake. Muziki wa kufungulia kipindi ukaanza, taa za studio zikawaka, na palepale akatokea bibi harusi na keki. Fundi aliona aibu. Alikuwa amerekodi harusi ya binti yake juu ya kipindi, ningefanyaje? Nikala keki kwa macho, nikaaga.

Kwa Papa Lumbu nilikwenda mwisho, kwa sababu nilimwogopa kidogo. Sasa ana duka la simu karibu na stendi ya taxi pale Isipingo. Mkono mtupu haulambwi, nikabeba bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu.

"Mama Furaha, kaseti iko," alisema bila kuacha simu aliyokuwa anaifungua. "Machine ya kuisoma njo haiko. Ilikufa zamani."

"Machine niko nayo. Nipe kaseti."

"Kukupa, hapana. Nitakuja nayo mimi mwenyewe. Ile kaseti haijalala inje ya nyumba yangu."

"Eish, Papa. Ni mimi niliikata na hii mikono."

"Minajua. Na ni mimi niliichunga." Akafunua bakuli, akanusa, akalifunika. "Sombe iache."

Alikuja Pinetown kwa taxi, kaseti mapajani, koti la kanisani mwilini. Mashine yangu ya mwisho ya VHS niliificha chini ya meza miaka yote, maana wakubwa watatu kwa zamu walitaka kuitupa. Tukaingiza kaseti moja baada ya nyingine: mama wa unga, kwaya, vijana wa ngoma, Papa Lumbu. Watu wote walikuwepo, wamejaa uhai. Yeye hayupo. Nilikaa nikaona kazi imenishinda, na nikasema hivyo kwa sauti.

Rehema alikuwa amesimama nyuma yangu na miguu yake mirefu. "Mama," akasema, "huo mkono ni wa nani?"

Kwenye ukingo wa picha, kushoto, kulikuwa na mkono ulioshika maikrofoni chini kidogo ya kidevu. Ukanda wa saa, kioo hakionekani. Nikatoa kaseti, nikatia nyingine. Mkono. Nyingine. Mkono. Mimi niliyemkata kwa miaka yote nilikuwa nimetazama midomo ya waimbaji, kwa sababu ndiko nilikoambiwa nitazame. Papa Lumbu alivua kofia.

Nilikitengeneza kipindi kwa kaseti zilezile. Picha ya ukutani sikuitia. Hakuna msimulizi, hakuna mtu wa kusema marehemu alikuwa hodari. Mtu anajibu, mkono unasubiri, wimbo unapigwa; mtu mwingine anajibu. Mkurugenzi alikaa akatazama, na alipofika kwa Papa Lumbu akasogea mbele.

"Mama, hapa hakuna anayeongea. Kata."

"Hapo ndipo anapofanya kazi."

"Nani?"

"Bab' Zakhele."

Alitazama tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, ingawa sidhani kama walikuwa wanazungumzia televisheni. Akatoka bila kusema kata, nami nikalichukua hilo kuwa ruhusa.

Kabla ya kurushwa hewani tulikionyesha kwanza kwenye ule ukumbi wa kanisa Umbilo, Jumapili ya kufunua jiwe, watu wakitoka makaburini na viatu vina vumbi. Nokuthula alikaa mbele na mwanawe. Sikuwa nimemwambia kwamba uso haumo. Nilijaribu mara mbili na mara zote mbili nikauliza habari za shule ya mtoto.

Kaseti ya kwanza ikaanza: mama wa unga, kijana bado, anafungua mdomo. "Bibi yangu," anasema. Ukumbini watu wakageukiana, maana lilikuwa jibu bila swali. Ya pili: "Kanisani." Nokuthula alikuwa ameinama mbele, nami sikuona uso wake. Nikaanza kuhesabu makosa yangu.

Kabla ya kaseti ya tatu picha inakuwa nyeusi kwa pumzi moja. Katika giza hilo mzee mmoja wa kwaya, nyuma kabisa, akasema kwa Kizulu, si kwa nguvu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake: "Ngubani owakufundisa?" Nani alikufundisha? Na kijana wa kwenye kioo akajibu, "Mjomba wangu." Watu walicheka. Kaseti ya nne, waliouliza walikuwa kumi. Ya tano, ukumbi mzima, Wazulu kwa Kizulu chao, Wakongomani kwa Kiswahili, na Rehema kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kama rula. Swali nililolikata miaka yote lilikuwa limewabaki.

Ilipofika kwa Papa Lumbu waliuliza, na Papa Lumbu wa kwenye kioo akatazama chini. Ukumbi ukangoja naye. Mkono ulikuwa pale pembeni, na ukanda wake wa ngozi, hautikisiki. Papa Lumbu mwenyewe, mstari wa pili, alikuwa ameufunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Katika kimya hicho nilimsikia Nokuthula akimwinamia mwanawe. Alinyoosha kidole kwenye ukingo wa picha.

"Yule pale," akasema. "Huyo ndiye babu yako. Anamsubiri."

Rehema, kile kimya kimo kwenye kipindi hadi leo. Akija mtu yeyote kukuomba ukikate, mwambie aje aniulize mimi. Nipo Umbilo, nimestaafu, nina nafasi.